UZI: Majina ya Kimongolia na mandhari ya Mongolia kwa waandishi wa hadithi. Anza na mwaka, jina litafuata

Kalamu_Nyeusi (#1)

Wakuu, hadithi zenye wahusika wa Kimongolia zinaongezeka humu, na nyingi zinakwama palepale. Shujaa anaitwa "Batar Khan". Dada yake ni "Khan" pia, eti ndilo jina la ukoo. Mwaka haujulikani, jimbo halijulikani, ni nyika tu na farasi anayekimbia kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa Mmongolia, jina linasema mengi: umri wa mtu, dini ya babu yake, na serikali iliyokuwa madarakani alipozaliwa. Ukichagua jina kabla ya kuamua mwaka na mahali, umejifunga kamba. Fuata mpangilio huu: amua mwaka wa hadithi, toa umri wa mhusika upate mwaka wa kuzaliwa, amua jimbo, amua wazazi wake ni wafugaji au watu wa mjini, ndipo umpe jina.

Sasa muundo. Jina la leo lina sehemu mbili: la baba likiwa katika hali ya umiliki, kisha la mwenyewe. Tsakhiagiin Elbegdorj, rais wa 2009 hadi 2017, ni Elbegdorj mwana wa Tsakhia. Yeye ni Elbegdorj, na magazeti huandika Ts. Elbegdorj. Ukiandika "Rais Tsakhia alisimama" umemsimamisha baba yake.

Mfano wa familia ya kubuni, vizazi vinne:
– Babu, kazaliwa 1938 Zavkhan: Luvsandorj
– Mwanawe, 1963: Luvsandorjiin Batbold
– Mjukuu wa kike, 1992, Ulaanbaatar: Batboldyn Nomin
– Mtoto wa Nomin, 2018, mume wake akiwa Ganzorig: Ganzorigiin Temüülen

Angalieni: hakuna jina linaloshuka zaidi ya kizazi kimoja. Nomin akiolewa habadilishi kitu. Nyumbani kwake kuna Nomin wa Batbold, mume ambaye ni mwana wa mtu mwingine kabisa, na mtoto anayebeba jina la Ganzorig. Msiandike "familia ya akina Batbold" mkimaanisha wote hao.

Wenye ujuzi ongezeni, hasa mandhari.

---

Irabu_Nzito (#2)

Mkuu, umefungua vizuri. Niongeze kiambishi cha umiliki, maana hapo ndipo watu hubandika -iin kila mahali.

Irabu za Kimongolia ziko makundi mawili: nzito (a, o, u) na nyepesi (e, ö, ü). Kiambishi hufuata kundi la neno, na kwa majina ya kuunganisha hutazamwa sehemu ya mwisho.

– Nzito, mwisho konsonanti: -yn. Bat → Batyn, Bold → Boldyn, Sükhbaatar → Sükhbaataryn (inatazamwa -baatar, si Sükh-).
– Nyepesi: -iin. Tömör → Tömöriin. Bat-Erdene → Bat-Erdeniin, ile e ya mwisho inadondoka.
– Baada ya j, ch, sh na g: -iin hata irabu zikiwa nzito. Ndiyo maana Dorj → Dorjiin na Ganzorig → Ganzorigiin.
– Mwisho irabu ndefu au irabu pacha: -giin. Ukhnaa → Ukhnaagiin, Tsakhia → Tsakhiagiin.
– Mwisho n kwa majina mazito: -y. Damdin → Damdiny, kama Damdiny Sükhbaatar wa mapinduzi ya 1921.

Nukta za juu si mapambo. *Us* ni maji, *üs* ni nywele. *Od* ni nyota, *öd* ni unyoya. Ukiamua kuziacha, ziache kitabu kizima. Kibaya ni kuandika Sükhbaatar ukurasa wa 3 na Sukhbaatar ukurasa wa 40. Vivyo hivyo kh na h: chagua Khulan au Hulan. Kwa msomaji wetu kh ni rahisi, ni ile ya "kheri" kwa wanaoitamka kwa koo.

Kistari huwekwa pale sehemu ya pili inapoanza na irabu: Bat-Erdene, Gan-Ochir, Tömör-Ochir. Batbayar na Ganbold haviwekewi.

Halafu hali moja inayofaa sana kwa riwaya. Mtoto asiye na baba anayetambulika hubeba jina la mama. Khorloogiin Choibalsan, aliyetawala hadi kufa kwake 1952, ni mwana wa Khorloo, na Khorloo ni mama. Kwa hiyo ukiandika "Bayarmaagiin Ganbold", msomaji anayejua ataelewa habari nzima ya kuzaliwa kwake bila sentensi moja ya maelezo.

---

Mdau_wa_Nyika (#3)

Vipande vya kujengea majina, kwa wanaotaka kuunda wenyewe badala ya kunakili marais:

Vya mwanzo, hutumika kwa wote: Bat (imara), Enkh (amani), Mönkh (milele), Gan (chuma cha pua), Altan (dhahabu), Naran (jua), Saran (mwezi), Oyuun (akili), Erdene (kito), Tögs (kamilifu), Bayar (furaha).

Vya mwisho, mwanamume: -baatar (shujaa), -bold (chuma cha pua), -tömör (chuma), -zorig (ujasiri), -khuyag (deraya), -sükh (shoka).

Vya mwisho, mwanamke: -tsetseg (ua), -tuya (mwali), -chimeg (pambo), -maa (kutoka neno la Kitibeti la mama).

Kwa hiyo Ganzorig, Enkhtuya, Altantsetseg, Oyuunchimeg, Mönkhbat, Narantsetseg: yote halali, yote ya kawaida kabisa. Jargal (heri) na Erdene huenda pande zote mbili, na Enkhjargal anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Ukitaka siri ya jinsia katika hadithi ya upelelezi, hapo ndipo pa kuichimba.

Ndugu huwa wanashirikiana kipande. Gantulga, Gantuya na Gan-Erdene wataaminika mara moja kuwa wa tumbo moja. Si desturi mpya: Temüjin, aliyekuja kuwa Chinggis (Genghis) Khan, alikuwa na mdogo wa kiume Temüge na wa kike Temülün, wote kwenye mzizi uleule wa chuma.

Msivunje kipande katikati. "Tsetbold" na "Naraan" za mashine za kubuni majina hazina kitu ndani.

---

Binti_Mwambao (#4)

Naomba kuuliza kuhusu yale majina mabaya. Nimesoma kuna mtu anaitwa Mbwa Mbaya. Ni kweli au ni chumvi za watalii?

---

Mdau_wa_Nyika (#5)

Ni kweli, dada. Muunokhoi ni mbwa mbaya. Nergüi, hana jina. Enebish, si huyu. Terbish, si yule. Khünbish, si mtu. Hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa, ili pepo mbaya apite asione cha kuchukua. Sisi wenye akina Shida, Tabu na Mashaka mitaani hatuhitaji kuelezwa sana.

Lakini jina hilo likitumika lazima liwe na sababu katika hadithi. Mama wa Nergüi ni mama aliyezika. Ukimwita mhusika Nergüi kwa kuwa "linasikika vizuri", halafu ukampa kaka wakubwa watano wenye afya, msomaji wa huko atangoja maelezo ambayo hayaji. Na mtoto wa kweli wa jina hilo halionei aibu. Ni jina la kawaida, walimu na madaktari wanalo. Otgon ni tofauti, ni kitinda mimba tu.

Majina ya siku nayo yapo, kutoka Kitibeti: Davaa (Jumatatu), Myagmar (Jumanne), Lkhagva (Jumatano), Pürev (Alhamisi), Baasan (Ijumaa), Byamba (Jumamosi), Nyam (Jumapili). Huongezewa mkia: Baasansüren, Pürevdorj, Davaadorj. Ukitaja tarehe, hakiki kalenda. Baasan wa 14 Machi 1975 yuko salama, ilikuwa Ijumaa. Wa tarehe 15 hayuko.

---

Mzee_wa_Nyaraka (#6)

Nije kwenye enzi, maana ndipo pa kuchunga zaidi.

Karne ya 12 na 13. Majina ni ya Kimongolia na Kituruki: Temüjin, Jelme, Jebe, Bo'orchu, Mukhali, Börte, Hö'elün, Töregene, Khutulun. Mfugaji wa mwaka 1190 kando ya mto Onon hawezi kuitwa Dorj, Tseren, Luvsan wala Dolgor. Hayo ni ya Kitibeti na hayajamfikia. Katika ikulu ya nasaba ya Yuan kule China mnaweza kukutana na jina la Kibudha, lakini hiyo ni ikulu, tena baadaye. Kinyume chake, Wakristo walikuwapo: miongoni mwa Wakereit na Waönggüt kulikuwa na Wanestoria. Babu wa Toghrul, yule mlezi wa kisiasa wa Temüjin, aliitwa Marghuz, yaani Marko. Hilo halimo kwenye hadithi za watu wengi, na lingezichangamsha.

Khan ni cheo, si ukoo. Mwanamke mwenye cheo ni khatun. Mkuu wa kati ni noyon. Temüjin alipewa jina la Chinggis Khan kwenye baraza la 1206. Kabla ya hapo asiitwe hivyo na mtu yeyote ndani ya mazungumzo. Na Karakorum msiijenge mapema: kuta zake ni za Ögedei, mwana wa Chinggis, mwaka 1235. Vita vya 1206 vyenye mji mkuu wa mawe nyuma yake ni kosa.

Baada ya 1578. Mwaka huo Altan Khan alikutana na Sonam Gyatso na kumpa cheo cha Dalai Lama. Ubudha wa Kitibeti ukaenea, na majina ya Kitibeti na Kisanskriti yakafurika: Dorj, Ochir, Luvsan, Jamyan, Damdin, Gombo, Danzan, Dulmaa, Dolgor, Lkham. Hadi mwanzo wa karne ya 20, mhusika wa kawaida ana kitu cha namna hii.

1921 hadi 1990. Matumizi ya majina ya ukoo yalifutwa 1925. Monasteri zilivunjwa na watawa kuuawa kwa maelfu, hasa 1937 hadi 1939. Mtoto wa miaka ya 1950 na 1960 anapata majina ya chuma, amani na shujaa, ingawa vijijini Tseren na Dorj hawakuisha. Lilikuwapo hata jina Melschoi: Marx, Engels, Lenin, Stalin na Choibalsan wameshonwa pamoja. Chinggis halikuwa jina la kumpa mtoto. Mwaka 1962, baada ya sherehe za miaka 800 ya kuzaliwa kwake, Daramyn Tömör-Ochir aliondolewa kwenye uongozi wa juu wa chama. Kwa hiyo karani wa serikali aitwaye Chinggis, kazaliwa 1968, anahitaji baba jasiri sana au mpumbavu sana. Amua ni yupi, kisha uandike sura yake.

Baada ya 1990. Chinggis na Temüjin wanarudi kama majina ya watoto. Majina mafupi yanapendwa: Nomin, Anu, Maral, Temüülen. Jina la ukoo likarudishwa kisheria, na kwa kuwa wengi walikuwa hawalijui tena, watu walijichagulia. Borjigin, ukoo wa Chinggis, ukachaguliwa na umati. Jügderdemidiin Gürragchaa, Mmongolia wa kwanza kwenda angani, 1981, alichagua Sansar, yaani anga za juu. Jina hilo la ukoo liko kwenye kitambulisho, ila hakuna anayekuita kwalo.

---

Hati_Mkato (#7)

Na mazungumzo? Mtu anamwitaje mwenzake? Rasimu yangu ina kijana anamwambia mzee "Batbold, njoo", nahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

---

Irabu_Nzito (#8)

Hakijakaa sawa kweli. Mzee haitwi jina tupu. Weka *guai* nyuma: Batbold guai, kwa heshima ya jumla. Mkubwa kidogo kwako ni *akh* (kaka) au *egch* (dada): Bold akh, Tuya egch, hata asiye ndugu. Mwalimu ni *bagsh* mpaka kufa kwake. Kwa Kiswahili unaweza kuandika "mzee Batbold" au "kaka Bold" na usipoteze kitu. Cha kuepuka ni kuchanganya, ukurasa huu guai, unaofuata mzee.

Marafiki hufupisha: Bataa, Ganaa, Oyunaa, Saraa. Kipande cha kwanza, kisha irabu inavutwa.

Ughaibuni jina la baba huingizwa kwenye kisanduku cha jina la ukoo, mara nyingi bila kile kiambishi. Nomin akiwa mwanafunzi Ujerumani ataitwa "Bibi Batbold" darasani. Anaitikia kwa jina la baba yake siku nzima. Tukio dogo, ila linabeba.

Kisha kuna mwiko. Kwa desturi, mke hatamki jina la baba mkwe wala wakubwa wa ukweni, na huepuka hata neno la kawaida linalofanana nalo. Baba mkwe akiitwa Tömör, mkwe analizunguka neno chuma. Majina ya wazazi na ya marehemu nayo hayatajwi ovyo. Mwenye hadithi ya kihistoria au ya kijijini ana hazina hapa: bibi harusi anayelazimika kuomba shoka au sufuria ya chuma bila kutaja chuma.

---

Kizingiti (#9)

Nichukue mandhari, nianze na hema, yaani *ger*, maana ndani yake ndiko maneno mengi ya hadithi yatasemwa.

Mlango unatazama kusini. Hili si pambo: ukiandika mhusika ametoka asubuhi jua likampiga usoni, ni jua la kusini-mashariki. Kuta ni fito zilizosukwa zinazokunjuka, *khana*. Katikati juu kuna duara la mbao, *toono*, ambamo bomba la jiko hutokea na mwanga huingia. Duara hilo hushikwa na nguzo mbili, *bagana*. Kutoka ukutani hadi kwenye duara kuna boriti nyembamba, *uni*. Juu ya vyote ni tabaka za *esgii*, sufu iliyoshindiliwa, na turubai jeupe la nje. Hema la kuta tano lina kipenyo cha mita 6 hivi. Watu wanaojua kazi hulisimamisha kwa saa moja au mbili: fremu ya mlango na khana kwanza, kisha toono inainuliwa kwa bagana, uni zinachomekwa kwa zamu pande zote ili isielemee upande mmoja, sufu, turubai, kamba. Boriti zikichomekwa upande mmoja tu, duara linapinduka na kazi inaanza upya. Mkitaka tukio la familia kugombana wakati wa kuhama, ni hilo.

Ndani kuna ramani. Kaskazini, mkabala na mlango, ni *khoimor*: mahali pa heshima, pana madhabahu au picha za familia, na ndipo mzee hukaa. Magharibi ni upande wa wanaume na wageni: matandiko ya farasi, mfuko wa ngozi wa airag, maziwa ya farasi yaliyochachuka. Mashariki ni wa wanawake: vyombo, maji, chakula. Jiko katikati. Mgeni huingia na kuelekea magharibi. Kijana akienda moja kwa moja kuketi khoimor, umeandika tusi bila kujua.

Miiko ya kutumia: hakanyagwi kizingiti, haipitwi katikati ya nguzo mbili, hazielekezwi nyayo motoni, hatupwi takataka motoni. Kitu hupokewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Wazee wakikutana hubadilishana chupa ya ugoro, *khöörög*. Hata asiyevuta hunusa na kurudisha.

Na mlango haubishwi hodi. Mgeni husimama mbali na kupaza sauti: *Nokhoi khor!* Shikeni mbwa! Husemwa hata mbwa akiwa hayupo.

---

Kalamu_Nyeusi (#10)

Kizingiti, hapo kwenye kuingia magharibi wengi watafaidika. Naomba uweke na mwaka wa mfugaji. Kuna hadithi moja humu watu wanakunywa airag Februari.

---

Kizingiti (#11)

Februari airag hakuna, labda iliyogandishwa akiba. Maziwa ya farasi jike hukamuliwa kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba, kila baada ya saa mbili hivi, kisha hupigwapigwa kwenye mfuko wa ngozi ili yachachuke. Februari watu wanakula nyama na kunywa *suutei tsai*, chai ya maziwa yenye chumvi. Narudia: chumvi. Sukari usiitie.

Mwaka ulivyo:

Novemba huchinjwa nyama ya majira yote ya baridi, baridi yenyewe ikiwa ndiyo friji. Desemba hadi Februari familia iko kambi ya baridi, *övöljöö*, chini ya mlima unaokinga upepo, zizi la mawe au mbao. Maji ni barafu iliyokatwa mtoni na kuyeyushwa. Kuni hazipo sehemu nyingi. Hukokwa *argal*, kinyesi kikavu cha ng'ombe, kinachowaka haraka na kuisha haraka. Jiko likiwaka hema ni joto la kuvua koti. Likizimika usiku ndoo inaganda ndani. Tsagaan Sar, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, huangukia majira haya au mwanzo wa Machi.

Machi na Aprili kondoo na mbuzi huzaa, upepo wa vumbi unavuma, mifugo imekonda. Ndiyo miezi migumu kuliko yote, si Januari. Manyoya laini ya mbuzi, yale ya kashmiri, huchanwa Aprili na Mei, na hapo ndipo pesa taslimu huingia. Deni la dukani, karo ya mtoto, pikipiki: vyote husubiri mbuzi wachanwe. Mvua hunyesha Juni hadi Agosti. Naadam ya taifa ni 11 hadi 13 Julai: mieleka, mishale, mbio za farasi. Wapandaji ni watoto, na njia ni nyika wazi: kama kilomita 25 kwa farasi wakubwa, chini ya nusu yake kwa wa miaka miwili. Mwandishi asiweke uwanja wa kuzunguka.

Mifugo ni mitano: farasi, ngamia wa nundu mbili, ng'ombe (pamoja na yaki), kondoo, mbuzi. Ngamia wengi wako Gobi, yaki wako milimani. Nguruwe na kuku usiwaweke kwenye kambi.

---

Hati_Mkato (#12)

Njama yangu inategemea dhoruba moja ya theluji inayoua mifugo yote usiku mmoja. Inawezekana?

---

Mdau_wa_Nyika (#13)

Dhoruba inaweza kutawanya kundi na kuua wengi, ndiyo. Lakini maafa yanayoitwa *dzud* hayaji usiku mmoja. Yanaanzia kiangazi: mvua inakosekana, majani yanakuwa haba, wanyama wanaingia baridi bila mafuta mwilini. Kisha inakuja moja ya hizi. Dzud nyeupe, theluji nene hata mnyama hafikii majani. Dzud ya chuma, theluji inayeyuka kidogo na kuganda, juu panakuwa kioo ambacho kwato hazivunji. Dzud nyeusi, theluji haipo kabisa na mifugo inakosa maji. Vifo vingi huja mwishoni, Machi na Aprili, wanyama wakifa mmoja mmoja wakati watu wanadhani wamevuka. Baridi ya 2009 hadi 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8.

Kwa njama hii ni bora kuliko usiku mmoja: una miezi sita ya watu kukataa kuamini. Nani auze kundi mapema kwa bei ya hasara, nani ahamie *otor*, yaani malisho ya mbali kwa dharura, nani achelewe. Anayepoteza wote mara nyingi hukunja hema na kwenda kulisimamisha pembezoni mwa Ulaanbaatar. Sura ya pili imejiandika.

---

Kituo_cha_Mwisho (#14)

Ulaanbaatar isisahaulike, karibu nusu ya Wamongolia wanaishi hapo. Kwa ufupi:

Jina hilo ni la 1924. Kabla yake mji uliitwa Ikh Khüree, kisha Niislel Khüree kuanzia 1911, na wageni waliuita Urga. Ulianza 1639 kama monasteri ya kuhamahama, ukatulia hapo ulipo 1778. Mhusika wa 1910 asishuke "Ulaanbaatar".

Wastani wa Januari uko chini ya nyuzi −20, na usiku hufika −30 na zaidi. Kwenye vilima vya kaskazini kuna mitaa ya mahema yenye uzio wa mbao, kila kaya na jiko lake, maji ya kununua kwenye kioski na kubeba kwa kigari. Moshi wa makaa umetanda bondeni. Makaa ghafi yalipigwa marufuku 2019, yakaja ya kufinyangwa. Katikati kuna fleti zenye joto la bomba kutoka mitambo ya mji. Magari mengi ni ya mtumba kutoka Japani, usukani kulia, ilhali barabarani watu hupita kulia. Dereva anayetaka kupita lori analazimika kumuuliza abiria wake kama njia nyeupe. Mazungumzo ya bure hayo kwa mwandishi.

Reli kwenda China: upana wa reli Mongolia ni milimita 1,520 na wa China ni 1,435, hivyo treni ya abiria hunyanyuliwa mpakani na kubadilishwa magurudumu. Inachukua saa kadhaa, na mtoro hana pa kukimbilia.

---

Binti_Mwambao (#15)

Na Waislamu? Nataka mhusika Mwislamu asiyekuwa mfanyabiashara mgeni.

---

Mzee_wa_Nyaraka (#16)

Mpeleke Bayan-Ölgii, jimbo la magharibi kabisa, milima ya Altai. Wakazi wengi wa huko ni Wakazakh, Waislamu, wanazungumza Kikazakh, na ndio wawindaji kwa tai. Majina: Serik, Nurlan, Aigul. Hema lao ni kubwa na refu zaidi kwenda juu kuliko la Wamongolia, ndani limejaa vitambaa vya kudarizi. Usimwite Batbold.

Tahadhari hiyohiyo kwa Wamongolia walio nje ya Mongolia. Mburyat au Mkalmyk wa Urusi ana jina la ukoo la Kirusi: Dorzhiev, Badmaev, mkewe ni Dorzhieva. Wa Mongolia ya Ndani, China, mara nyingi ana jina moja tu bila la baba, na kwenye nyaraka limeandikwa kwa silabi za Kichina. Anasoma mwandiko wa wima wa zamani, wakati binamu yake wa Ulaanbaatar amekua na herufi za Kisirili zilizoingia miaka ya 1940. Barua kati yao inaweza isisomeke.

---

Hati_Mkato (#17)

La mwisho, wakuu. Farasi wa shujaa nimemwita "Upepo". Nibakize?

---

Kizingiti (#18)

Mtoe. Farasi hutambulishwa kwa rangi na alama, na msamiati wa rangi ni mpana mno: *zeerd* mwekundu wa kahawia, *kheer* mwekundu mwenye singa nyeusi, *saaral* wa kijivu, *khongor* wa manjano hafifu. Mfugaji atasema "yule khongor mwenye doa kwenye paji", na jirani atajua ni yupi kati ya sabini. Juu ya paja kuna chapa ya moto ya mwenyewe, *tamga*.

Na mpe farasi aliyehasiwa. Dume huachwa na majike yake, majike hukamuliwa. Shujaa akitaka kubadilisha farasi asubuhi, hamwiti kwa mluzi. Anapanda mwingine, anachukua *uurga*, ufito mrefu wenye kitanzi, na kumfukuza.

Mbwa ndiye mwenye jina. Asar na Basar ni ya kawaida kabisa.